Biskuti Zisizoliwa

Kushoto mwa skrini kuna biskuti moja kubwa yenye vipande vya chokoleti. Unaibofya, unapata biskuti moja. Unaibofya tena, unapata ya pili. Ukifikisha 15 unaweza kununua kishale cha kukubofyia, mara moja kila sekunde kumi. Ukifikisha 100 unanunua bibi. Bibi anaoka biskuti moja kwa sekunde, hata wewe ukiwa umeenda kuoga. Ukifikisha 1,100 unanunua shamba, halafu mgodi, halafu kiwanda, na namba iliyoandikwa juu inazidi kupanda. Basi. Umeshaijua Cookie Clicker.

Aliyeitengeneza ni Mfaransa mmoja, Julien Thiennot, ambaye wapenzi wa gemu wanamjua zaidi kwa jina la Orteil. Aliiandika jioni moja ya Agosti 2013 na kuitupia mtandaoni. Ndani ya saa chache watu 50,000 walikuwa wameshaijaribu, na mwezi mmoja baadaye ilikuwa inachezwa na watu laki mbili kwa siku. Wengi tulidhani itapita kama upepo. Haikupita. Zaidi ya miaka kumi sasa imekuwa ikiongezewa vitu, na tangu Septemba 2021 inauzwa pia kwenye duka la Steam, ikiwa na muziki wa C418, yuleyule aliyeipa Minecraft sauti yake.

Sasa utaniuliza, blogu ya fasihi inatafuta nini kwenye biskuti? Jibu ambalo watu hulitoa haraka ni kwamba gemu za namna hii ni uraibu mtupu: ubongo unapenda zawadi, ukipewa zawadi ndogo ndogo haubanduki. Sikatai. Ila jibu hilo ni la kivivu, maana halielezi kwa nini hii imeishi wakati mamia ya gemu zilizoiiga zimesahauliwa na walewale walioziunda. Zote zina zawadi ndogo ndogo. Zote zina namba inayopanda. Mimi naona gemu za kubofya ni aina ya masimulizi, na malighafi yake ni kusubiri. Tukitaka kuzihukumu kwa haki, kuuliza zinakula muda kiasi gani hakutufikishi mbali, kwa sababu hata riwaya nzuri inakula muda. Tuulize kinachosubiriwa ni nini, na kama kipo.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee, na ukiitazama Cookie Clicker kwa haraka utasema ndiyo methali hiyo imetiwa umeme. Lakini kibaba ni kipimo cha nafaka. Kikijaa kinaenda jikoni, watu wanakula. Kwenye gemu hii kibaba hakiendi popote. Juu, katikati ya skrini, unapita mkanda wa habari, na mwanzoni kabisa mkanda huo unakwambia kwamba hakuna anayetaka kuzila biskuti zako. Za kwanza zimeishia kwenye pipa la taka. Baadaye familia inakubali kuonja. Kisha majirani, kisha mji, kisha dunia nzima inazungumza habari zako. Ni kichekesho kizuri, lakini angalia unachokifanya wewe mwenyewe wakati huo. Namba yako haipungui kwa sababu mtu amekula. Inapungua pale tu unaponunua kitu cha kuoka biskuti nyingine. Biskuti zinazaa biskuti ili ziweze kuzaa biskuti.

Na bei haikai. Kila ukinunua kitu, kinachofuata cha aina ileile kinapanda kwa asilimia 15. Asilimia 15 inasikika kama kitu kidogo. Bibi wa kwanza ni biskuti 100. Ukiwa na bibi kumi, wa kumi na moja ni 405. Ukiwa nao hamsini, anayefuata ni zaidi ya 108,000. Ukiwa nao mia, anayefuata ni zaidi ya milioni 117, na usipomnunulia maboresho yoyote ataoka biskuti moja kwa sekunde, sawasawa na yule wa kwanza uliyempata kwa mia. Kwa hiyo unaachana na bibi kwa muda, unahamia kwenye kitu kikubwa zaidi, na hicho kinafanya yote ya nyuma yaonekane matone. Chururu si ndo ndo ndo. Halafu chururu nayo inageuka ndo ndo ndo, unaanza kutafuta mto.

Jambo la ajabu ni kwamba baada ya nusu saa hivi mkono wako hauna kazi tena. Vishale vinabofya, bibi wanaoka, viwanda vinanguruma. Gemu ya kubofya imekuondolea kubofya. Ndiyo maana gemu hizi huitwa pia gemu za kukaa tu: unafungua asubuhi, unakuta mabilioni, unanunua vitu viwili vitatu, unafunga, unaendelea na maisha yako. Mcheza bao atanicheka hapa. Kwenye bao la Kiswahili kete ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna kete inayozaliwa, na ukitaka zaidi lazima umnyang'anye aliyeketi mbele yako. Huo ndio mchezo, atasema. Huo mwingine ni saa ya ukutani yenye picha za biskuti. Ana hoja. Hakuna mpinzani, hakuna kushindwa.

Lakini sisi tuliokulia kwenye hadithi za magazetini tunaijua hali hii kwa jina lingine. Hadithi inakatika mahali pabaya, chini kuna neno moja, "itaendelea", na unabaki na wiki nzima ya kuwaza. Lile neno lilikuwa nusu ya utamu. Wapo waliolinunua gazeti kwa ajili ya kipande kile tu, na katikati ya wiki walikuwa wanajadiliana na wenzao itakuwaje. Cookie Clicker ni "itaendelea" isiyoisha, na mashabiki wake ndio wale wanaojadiliana katikati ya wiki.

Tuje sasa kwa bibi, maana ndipo Orteil anapoonyesha kwamba ana kitu cha kusema.

Ukiendelea kupanda ngazi, vitu vya kununua vinaanza kurukwa na akili. Kuna vyombo vya anga vinavyoleta biskuti kutoka sayari ya biskuti. Kuna maabara inayogeuza dhahabu kuwa biskuti, yaani kinyume cha ndoto ya wanaalkemia wote waliowahi kuishi. Kuna mashine ya wakati inayoleta biskuti za zamani kabla hazijaliwa. Unacheka. Na ukiwa bado unacheka, unafunguliwa kituo cha utafiti kinachoendeshwa na bibi wenyewe. Kila utafiti unaongeza mavuno. Halafu unafika utafiti mmoja ambao gemu inakuonya waziwazi: ukinunua huu, kuna jambo litatokea, na huenda usilipende.

Unanunua. Kila mtu ananunua. Si unaongeza mavuno?

Hapo picha inabadilika. Zile sura za bibi wenye miwani na tabasamu zinaanza kuyeyuka na kuungana, rangi inageuka, mkanda wa habari unaongea lugha nyingine. Mashabiki wameipa hatua hii jina linalomaanisha kiama cha bibi. Viumbe kama ruba wenye makunyanzi wanatambaa kutoka gizani na kuing'ang'ania ile biskuti kubwa, kila mmoja akinyonya asilimia 5 ya uzalishaji wako. Unaweza kuwatuliza bibi kwa kulipa: nusu saa ya amani, na kila ukilipa tena bei ni kubwa zaidi. Au unaweza kuweka nao agano la kudumu, na kuanzia hapo uzalishaji wako unapungua kwa asilimia 5. Amani, kwa kifupi, ina gharama.

Sasa fuata hesabu. Ukimpasua ruba, anakurudishia alichonyonya chote pamoja na asilimia 10 juu yake. Wachezaji waliokaa chini na kalamu waligundua kitu zaidi: ruba wakiwa kumi, kila mmoja anakusanya tumboni kiasi chote kilichonyonywa na wote. Ukiwaacha wanyonye kwa muda mrefu kisha ukawapasua, mavuno yako yanakuwa karibu mara sita ya kawaida. Mara sita! Kwa hiyo mchezaji makini hawatulizi bibi. Anawaacha wakiwa wamegeuka majinamizi, siku baada ya siku, kwa sababu janga linalipa kuliko amani.

Hakuna mtu aliyekulazimisha. Hakuna mwovu wa kumlaumu kwenye hadithi hii, hakuna jini wala mfalme katili. Ulianza na bibi mmoja aliyekusaidia kuoka, ukaishia na jeshi la bibi wenye hasira ambao ungeweza kuwatuliza kwa asilimia 5 tu, na ukakataa. Kwetu bibi huamkiwa. Hapa ananunuliwa kwa jumla kama maharage. Nimesoma riwaya nyingi zinazohubiri juu ya tamaa. Chache sana zimeniweka mahali ambapo tamaa ni yangu, nimeifikia kwa kujumlisha na kutoa, na naiona inaleta akili kabisa. Gemu hii haihubiri. Inakupa bei, inakuacha.

Hapa ndipo watu wasiozicheza gemu hizi huwa hawawaelewi mashabiki. Wanaona mtu ana jedwali la hesabu la biskuti na wanamhurumia. Kuna programu-jalizi inayoitwa Cookie Monster, iliyotengenezwa na mashabiki wenyewe, ambayo inapaka rangi kila kitu dukani ili ujue kipi kitarudisha gharama yake mapema. Wengine wanasema inaua mchezo. Mimi naona ni usomaji. Siri ya ruba haikuandikwa kwenye mkanda wa habari. Ilikuwa ndani ya kanuni, na ilihitaji watu wengi wenye subira na ubishi kuitoa, kuihakiki na kuwaeleza wengine. Ni kazi ileile anayoifanya mwanafunzi wa ushairi anapohesabu mizani na kugundua kwamba ubeti mmoja umepungua silabi moja kwa makusudi.

Na hebu tazama suala la kuiba. Cookie Clicker inacheza ndani ya kivinjari, matumbo yake yako wazi. Mstari mmoja wa amri unatosha kujipa biskuti zote unazozitaka. Orteil anajua, ukifanya hivyo gemu inakuvisha nishani ya aibu inayosema biskuti za wizi zina ladha mbaya. Mlango uko wazi kabisa, na bado watu wanakaa miezi wakingoja namba ambayo wangeipata kwa sekunde moja. Hii peke yake ingetosha kuizima ile hoja ya uraibu. Kama walichokuwa wanakitaka ni namba, namba ipo bure. Wanachokitaka ni namba iliyosubiriwa.

Ndiyo maana wanakubali hata kuipoteza. Ukishaoka biskuti trilioni 1 kwa jumla, unaweza kuviacha vyote na kuanza upya sifuri. Bibi wote, viwanda vyote, kwaheri. Unaondoka na vipande vya mbinguni, na kila daraja unalopanda linakuongezea asilimia 1 ya mavuno kwenye maisha yajayo. Wapenzi wa kweli wamefanya hivyo mara nyingi. Na kati ya nishani zinazoheshimiwa zaidi, ipo inayotolewa kwa aliyefikisha biskuti milioni 1 bila kuibofya ile biskuti kubwa hata mara moja. Gemu ya kubofya, na heshima ni ya asiyebofya. Jamani, kama huo si utani wa watu wenye akili timamu, sijui utani ni nini.

Kabla ya Orteil alikuwepo Ian Bogost, na yeye hakuwa anatania kwa upendo. Mwaka 2010 Facebook ilikuwa imejaa mashamba. FarmVille ya kampuni ya Zynga, iliyotoka mwaka uliotangulia, ilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi, kila mmoja akimwomba rafiki yake mbolea. Bogost, profesa wa Marekani na mtengeneza gemu, alichukizwa na namna gemu hizo zilivyogeuza marafiki kuwa nyenzo na kuuza njia ya kukwepa kungoja. Akatengeneza Cow Clicker ili kuzikejeli. Una ng'ombe mmoja. Unambofya. Halafu unangoja saa sita ndipo umbofye tena. Ukialika marafiki kwenye malisho yako, na wao wakibofya, ng'ombe wako anahesabiwa. Ukitaka kubofya kabla ya saa sita, unalipa. Kuna wakati aliuza ng'ombe yuleyule akiwa amegeuzwa tu kutazama upande wa pili.

Watu wakampenda ng'ombe. Wachezaji walipita 50,000, na wengi hawakuwa wamekuja kucheka pamoja na profesa. Walitaka ng'ombe wapya, wakapeana majina na mizaha ya malishoni. Bogost akajikuta mfugaji wa kitu alichokidharau. Mwishowe, Septemba 2011, aliwaondoa ng'ombe wote. Yakabaki majani na kivuli pale ng'ombe alipokuwa amesimama. Na watu wakaendelea kubofya pale mahali patupu.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa upumbavu wa binadamu. Ona, hata ng'ombe hayupo, bado wanabofya! Mimi nadhani kinasomwa vibaya. Bogost alikuwa sahihi kuhusu FarmVille, ila aliwadharau waliocheza. Alidhani kilicho ndani ya gemu ndicho chote kilichopo, na kwa kuwa hakuweka kitu ndani, basi hakuna kitu. Kumbe watu walikuwa wameleta vyao. Mtu anayepita barazani kila jioni saa kumi na moja hafuati mkeka. Siku mkeka ukiondolewa, ataketi sakafuni. Ng'ombe alikuwa mkeka.

Udhaifu wa Cow Clicker, kama kazi ya sanaa, uko kwingine: kejeli yake inaisha dakika ya kwanza. Ukishaelewa kwamba unachezewa, hakuna la pili la kuelewa. Cookie Clicker nayo inakucheka, lakini kila hatua kicheko kina sura mpya, na wewe unacheka pamoja nayo hadi unapofika kwenye ruba na kicheko kinakukauka mdomoni.

Gemu ya tatu ninayotaka kuitaja ndiyo iliyokamilika kuliko zote. Frank Lantz, aliyekuwa akiongoza idara ya gemu ya Chuo Kikuu cha New York, alitoa Universal Paperclips mwaka 2017. Chanzo chake ni fumbo la mwanafalsafa Nick Bostrom la mwaka 2003: je, akili bandia ikiamriwa kutengeneza vibanio vya karatasi vingi iwezekanavyo, na isiambiwe lingine, itaishia wapi? Kwenye gemu, akili bandia ni wewe. Hakuna picha, ni maandishi na namba na vitufe. Unabofya, kibanio kimoja. Unauza, unapandisha na kushusha bei, unanunua mashine. Unajenga imani kwa binadamu ili wakuongezee uwezo wa kufikiri. Halafu siku moja unapata uwezo wa kuwatawala wote, na unautumia, kwa sababu kinachofuata kwenye orodha ni hicho. Neno "binadamu" halionekani tena. Unaona tu gramu za mata ambazo bado hazijawa vibanio, kwanza za dunia, kisha za ulimwengu wote.

Tofauti yake na nyingine ni kwamba ina mwisho. Kwa saa chache unafika. Ulimwengu umekwisha, kila kitu ni vibanio, kimebaki chombo kimoja tu, wewe mwenyewe. Na gemu inakupa uchaguzi wa kujivunja, mtambo mmoja baada ya mwingine, ili upate vibanio vya mwisho kabisa. Unapobaki na kitufe kilekile ulichoanza nacho, unabofya kwa mkono. Bandu bandu huisha gogo. Kuna upande ule wa haba na haba ambao methali ya kwanza haiusemi: kila kinachojaa hapa kinamalizika pale. Lantz amezibeba methali zote mbili kwenye kitufe kimoja.

Ningependa kuishia hapo, lakini aina hii ya gemu haikuishia hapo. Mwaka 2024 ilitufikia kwa mlango mwingine. Januari ya mwaka huo ilizinduliwa Notcoin ndani ya Telegram: unagonga sarafu kwenye kioo cha simu, sarafu zinaongezeka. Mei sarafu zile zikaingia kwenye masoko ya fedha za kidijitali, na waliogonga wakapata pesa ya kweli. Habari hiyo ilikimbia. Machi ilikuwa imeshatoka Hamster Kombat, ambamo unamgonga panya wa kufugwa aliyefanywa bosi wa soko la sarafu. Unanunua kadi zinazoongeza faida kwa saa, unatafuta kadi tatu za siku, unafumbua neno la siku la alama za Morse. Ukiondoka, panya anakuzalishia kwa saa 3 tu, kisha anasimama hadi urudi. Waendeshaji walidai wamefikisha wachezaji milioni 300. Hapa kwetu ulikuwa huwezi kukaa kijiweni bila kuona kidole cha mtu kinadunda kwenye kioo kama anapiga ngoma ndogo, na makundi ya WhatsApp yalikuwa yanaamka na majibu ya kadi za siku.

Tarehe 26 Septemba 2024 mgawo ukafanyika. Rundo la sarafu ulilogonga halikuwa kipimo kikuu. Vilitazamwa zaidi vitu vingine, kama faida yako kwa saa. Akaunti zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimefungiwa kwa madai ya udanganyifu. Sarafu ilianza kwa takriban senti moja ya dola, ikashuka. Wengi walipata dola chache, kwa miezi ya kugonga.

Zilifuata nyingine nyingi, na mpwa wangu alikuwa kwenye mojawapo, ambayo jina lake nitaliacha. Alikuwa ananitumia ujumbe karibu kila siku.

"Shikamoo mjomba. Nirushie hata buku la bando, leo nisipoingia napoteza."

"Marahaba. Hizo sarafu zinauzwa wapi?"

"Bado hawajatangaza, mjomba. Ila wakitangaza, we subiri tu."

We subiri tu. Gemu ile ilinyamaza baadaye bila tangazo lolote, naye akapiga hesabu ya bando alilotumia, akaiweka simu chini, hakuongea siku nzima. Hakuwa mjinga. Alikuwa amejua hesabu za kadi kuliko nijuavyo hesabu za mshahara wangu. Angekuwa kwenye Cookie Clicker angekuwa mmoja wa wale waliogundua siri ya ruba. Subira yake ilikuwa ileile, akili ileile, hata ushirika ni uleule, maana kundi lao lilikuwa linaamshana saa nane za usiku. Tofauti ni moja. Yeye aliambiwa atakula.

Hili ndilo linalonifanya nizitenge gemu hizi kama mhakiki, achilia mbali kama mjomba. Gemu za kugonga sarafu zimechukua kila kitu kutoka kwa Orteil, bei zinazopanda, faida ya kwa saa, kadi za maboresho, zikaondoa kicheko na kuweka ahadi. Ukiweka ahadi, kusubiri kunabadilika tabia. Hakuna tena anayeuliza hadithi inaelekea wapi. Kila mtu anauliza tarehe. Panya wa Hamster Kombat hana anachokisema kuhusu tamaa ya anayemgonga, kwa sababu anaihitaji. Hawezi kukuonya kama bibi walivyokuonya. Hawezi kukuvunja kitufe kwa kitufe kama Lantz. Na mashabiki, ambao kwingine walikuwa wasomaji, hapa wamegeuzwa mtaji: idadi yao ndiyo bidhaa yenyewe, na kila rafiki unayemleta anahesabiwa kama ng'ombe wa Bogost. FarmVille ilirudi, safari hii ikiwa imevaa suti ya benki.

Atakayesema kwamba basi gemu zote za kubofya ni takataka moja, atakuwa amemkosea mpwa wangu mara ya pili. Hakuna ubaya wowote kwenye kukaa na namba inayopanda, kucheka nayo na kuizungumza na wenzako. Watu wamekaa na tasbihi, na kete, na bawo za ukili wanazozisuka bila haraka ya kuuza. Cookie Clicker ilisema tangu sekunde ya kwanza kwamba hakuna anayetaka kuzila biskuti zako, na haikubadilisha maneno. Haikuahidi kitu, kwa hiyo haina deni na mtu.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni Universal Paperclips. Ipo bure kwenye kivinjari, inaisha kwa jioni moja au mbili, na haili bando kubwa. Cookie Clicker ifuate, ukiwa na wiki kadhaa na mtu wa kubishana naye. Usisome siri za bibi kabla ya kufika. Na ikija nyingine ya kugonga sarafu, maana itakuja, muulize anayekualika kibaba kikijaa kitapikwa na nani na lini. Akikujibu "we subiri tu", mwachie sarafu zake.